Papai la Ngozi

Dada Zaina,

Hapa Brussels baridi inauma, lakini kaka yako leo nimewika! Kwenye bustani ya Schaerbeek nimekutana na Mwaustralia mmoja. Kwao alicheza mpira kwa mshahara mpaka goti likagoma, sasa ni kocha. Mpira wao umechongoka kama papai, na unadakwa kwa mikono! Aliupiga juu, nikaruka mpaka nikachungulia madirisha ya ghorofa ya tatu, nikaudaka.

"Tonton," kocha akaniita, yaani mjomba, "nani alikufundisha?"

"Dada yangu! Yeye anaangua mapapai kwa upondo, mimi nadaka chini yasipasuke."

Akacheka. Mimi nikaunusa ule mpira. Bon, haya basi, ngozi tupu.

Wapwa wangu nawabusu. Mapapai yakiiva, usimpe mtu nafasi yangu pale chini.

Kaka yako,
Hamisi