Bwana Shamba Alivyoitwa Garasa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na baba, bado anagombania chumvi? Mimi huku Kyela ni mzima, wali na ndizi vimeninenepesha. Haya ningekusimulia kwa simu, ila ungenikatiza kwa kicheko.

Mama, nimeitwa garasa! Tena na mwenye nyumba wangu hapa Ndandalo, Mama Tumaini. Wewe ulikuwa ukimwita hivyo baba mdogo kila akisahau kufunga mbuzi. Nikajitia kumuuliza kama anajua neno limetoka wapi.

"Gwe, wewe! Kwani mimi sijacheza karata? Garasa ni karata isiyo na pointi. Umeishika, unadhani una kitu, kumbe huna."

Ilinistahili. Alikwenda msibani Talatala, akaniachia kasha la kakao iliyovundikwa kwa majani ya migomba. "Kesho uigeuze, na mtondo tena. Wewe ndiye Bwana Shamba." Kesho yake nikaenda Mbugani kununua sabuni, nikakuta wenzangu wanacheza karata kwa kinyozi. Mchezo mmoja tu, nikasema. Wapi! Nilirudi jua limezama. Na mtondo? Nilikwenda kulipiza, maana walinifunga vibaya.

Aliporudi akafunua kasha: ukungu mtupu. Na Jumamosi ile mimi ndiye niliyetakiwa kuwafundisha wakulima kugeuza kakao! Nani angenisikiliza tena? Niliona aibu, mama.

Siku mbili nilikaa kichanjani nachambua punje moja moja, majirani wakipita wanacheka. Jumamosi nikabeba zile mbovu, nikazimwaga mezani. "Hizi ni zangu mimi," nikasema, nikaeleza kila kitu. Walicheka mpaka wakafuta machozi, halafu wakauliza maswali hadi saa nane. Mama Tumaini akasema, "Ndaga fijo, umesema kweli." Ahsante hiyo, mama, niliipokea kwa mikono miwili.

Jana amekwenda Talatala kwenye arobaini. Kasha jipya limejaa, na hakumwachia jirani.

Nisalimie baba, shangazi mpika vitumbua, na dada na mapacha wake. Baba mdogo mwambie namwomba radhi kwa kumcheka.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini ndiyo asubuhi yenyewe hii, naenda kugeuza kakao.

Mwanao,
Salimu