Baba Mkwe Ndani ya Darubini

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unisaidie kuchagua darubini ya bunduki, na najua ukurasa wako ni wa mambo ya ndoa na familia, lakini hili nalo ni la familia, kwa sababu bunduki yenyewe nilipewa na baba mkwe, na sasa ni wiki ya tano baba mkwe hasemi nami, na mke wangu akitoka kwao anakuja na salamu za kila mtu isipokuwa za baba yake.

Mimi ni fundi saa. Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya meza ileile na lenzi jichoni, jicho la kulia limefunguka, la kushoto limefumba, na katika kazi yetu siri ni moja tu, kwamba ukitaka kukiona kitu unakikuza, na usipokiona unakikuza zaidi. Baba mkwe ni dereva wa treni mstaafu, mtu wa maneno machache, na ndiye mkuu wa kikundi cha wawindaji wenye leseni ambacho huitwa na wakulima wa huku kila nguruwe pori wanapozidi kwenye viazi. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa bega, daktari akamkataza kupiga risasi, na katika wakwe zake wote watatu akanichagua mimi, tukaenda pamoja ofisi ya leseni kubadilisha karatasi, akanikabidhi bunduki yake mbele ya karani, na njiani kurudi akaniambia, "Ni nyepesi, lakini si ya mchezo." Tangu nimwoe binti yake sijawahi kusikia sentensi ndefu kama hiyo ikielekezwa kwangu, na sikuficha furaha yangu.

Ni bunduki ya komeo, ile ambayo kila ukipiga risasi unavuta komeo kwa mkono ndipo upige nyingine, fupi, nyembamba, unaweza kuzunguka nayo kutwa vichakani bila bega kulalamika. Ilikuwa na shabaha zake za chuma tu, haina kioo hata kimoja, na mimi kama fundi nikaihurumia. Nikaiagizia darubini inayokuza kuanzia mara sita hadi mara ishirini na nne, ndefu na nene kama chupa ya chai, na kwa kuwa kioo chake cha mbele ni kipana ilibidi ifungwe juu sana, kwa hiyo shavu langu haligusi tena kitako cha bunduki, nanyoosha shingo kama mtu anayechungulia uani kwa jirani. Siku ya kwanza kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha bunduki ilirudi nyuma kwa nguvu, darubini ikanipasua kwenye nyusi, nikashonwa nyuzi nne, na wateja dukani wakadhani ni mke wangu, nami sikuwakatalia kwa sababu maelezo ya kweli yalikuwa marefu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Kikundi chetu hufanya kazi hivi: nusu wanaingia kichakani kupiga kelele, nusu tunasimama kwa mstari kwenye uwazi, kila mtu na kigingi chake, hakuna kuondoka mpaka mkuu apige filimbi. Baba mkwe siku hizi hashiki bunduki, anasimama mwisho wa mstari na filimbi mdomoni na darubini yake ya shingoni, ile ya macho mawili aliyokuwa nayo tangu enzi za treni. Mimi nilikuwa kigingi cha pili kutoka kwake. Nguruwe akatoka hatua ishirini na tano mbele yangu, dume, hana haraka, nikainua bunduki, nikafumba jicho la kushoto, nikaona nywele. Nyeusi, moja moja, zimesimama vizuri, mshauri, ningeweza kuzihesabu, ila sikujua ni za upande gani wa nguruwe. Nikasogeza kushoto nikaona majani, nikasogeza kulia nikaona majani mengine, na nilipoinua kichwa nguruwe alikuwa ameshapita kati yangu na jirani yangu na kuingia kwenye viazi tulivyoitwa kuvilinda.

Watu wakacheka, hilo sina neno nalo. Kilichoniuma ni kwamba sikujua baba mkwe amelichukuliaje, maana alikuwa kama hatua themanini kutoka kwangu na uso wake hausomeki hata mkiwa meza moja. Basi nikazungusha darubini mpaka mara ishirini na nne, risasi ilikuwa bado ndani kwa sababu sikuwahi kufyatua, nikamwangalia nione kama amekasirika. Hapo darubini ilifanya kazi yake sawasawa. Niliona kifungo cha pili cha shati kimelegea, nikaona ndevu alizoziruka chini ya kidevu alipokuwa akinyoa, kisha nikaona kwamba na yeye ameinua darubini yake na ananitazama mimi. Tukatazamana kwa muda. Nikampungia mkono. Yeye hakupunga, alishuka taratibu akalala chini kifudifudi kwenye majani, nikadhani ni goti. Baadaye akapiga filimbi hukohuko chini, akaenda kwenye gari bila kusema lolote, na hajasema lolote mpaka leo.

Siku mbili baadaye mke wangu akaja na kitu kimefungwa ndani ya foronya safi. Ilikuwa ile darubini ya shingoni ya baba yake, bila barua, bila salamu. Mke wangu akanionyesha kwamba mzee ametoboa tundu jipya kwenye mkanda, maana yeye ni mrefu na mimi shingo yangu ni fupi. Mshauri, nilielewa ujumbe mara moja. Ananiambia bunduki si kazi yangu, kazi yangu ni kutazama wenzangu wakiwinda. Nikairudisha siku hiyohiyo kwa heshima zote, nikamwagiza mke wangu amwambie asante lakini mimi ninayo kubwa zaidi. Aliporudi hakuniambia amejibiwa nini, aliniambia tu, "Baba hana shida na nguruwe." Nikamuuliza ana shida na nini basi, akasema nikamuulize mwenyewe.

Baada ya wiki tatu kikundi kinatoka tena, na katibu wetu, ambaye ni kinyozi, amenidokeza kwamba mkuu amenipanga kubaki kwenye magari kulinda chakula cha mchana. Siwezi kuishi na aibu hiyo. Nimeamua kubadilisha darubini ili nisikose tena, ila washauri ni wengi. Muuza duka anasema nichukue ileile ila yenye kioo bora zaidi. Kinyozi anasema nichukue kile kioo kidogo cha betri chenye nukta nyekundu kisichokuza kitu. Mwindaji mmoja wa zamani anasema darubini fupi inayoanzia mara moja na kuishia mara nne, na mimi kwa kweli siwezi kuelewa mtu anunue kitu cha kukuza mara moja. Mke wangu anasema nirudishe hata bunduki. Ni ipi itakayonirudishia heshima kwa baba mkwe? Tafadhali usinijibu kwamba nivumilie.

Ni mimi,
Fundi Saa, mwenye alama kwenye nyusi


Fundi Saa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Umeeleza kwa kirefu habari za nguruwe. Nguruwe yuko salama, ameshiba viazi, tumwache. Tuzungumze kuhusu mzee aliyelala chini.

Halikuwa goti. Darubini yako imefungwa juu ya mtutu, ndugu yangu, na popote jicho lako linapotazama mtutu umeshatangulia kufika. Ulimwelekezea baba wa mke wako bunduki yenye risasi ndani ili uone kama amekasirika. Yeye kwa bahati mbaya alikuwa na darubini nzuri, kwa hiyo aliona kila kitu, pengine mpaka nyuzi nne za kwenye nyusi zako, na katikati ya yote hayo aliona lile tundu la mtutu. Kisha ukaondoa mkono mmoja kwenye bunduki ukampungia. Nimetafuta barua nzima mahali ulipoandika kidole cha mkono mwingine kilikuwa wapi, sikupaona, na nadhani hata wewe hujui. Ungepiga chafya tu, mke wako angemzika baba na kuanza kumtembelea mume gerezani, na wewe ungekuwa unawaeleza mahakimu kwamba ulitaka kuangalia kifungo.

Imeniogopesha barua yako, sikufichi. Lakini sikuiti mtu mbaya. Miaka kumi na tisa umekaa mbele ya vitu vidogo visivyotembea, na jibu lako la kila jambo limekuwa kukuza. Uso wa mkweo ulipokushinda kusoma ukaenda kuchukua lenzi, kama ulivyozoea. Ila uso wa mtu hausomwi hivyo. Ulikuwa na hatua themanini za kutembea baada ya filimbi, na mdomo wa kuuliza.

Sasa hilo la darubini, maana umeuliza na utajibiwa. Mimi sijawahi kushika bunduki, nikampigia simu fundi anayetengeneza bunduki za walinzi wa misitu, nikamsomea barua yako bila kumwambia unatoka wapi. Alicheka mpaka kwenye nguruwe, halafu akaacha. Anasema hilo dude lako ni la mtu anayelala chini na kulenga ubao ulio mbali sana, hana haraka na ubao hauna pa kwenda. Kwa bunduki nyepesi ya vichakani, nguruwe akitokea hatua ishirini na tano, kukuza mara sita ni sawa na kumtafuta ng'ombe kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Mzee alikupa kitu chepesi kinachokwenda begani haraka, wewe ukakitwika mzigo juu ukakiharibu.

Chukua ile fupi, ya mara moja hadi mara nne. Hiyo mara moja unayoidharau ndiyo yenye kazi: unaona kama unavyoona kwa macho yako, macho yote mawili yakiwa wazi, na nguruwe mzima anaingia humo pamoja na kichaka alichotokea na mtu aliyesimama nyuma ya kichaka. Ukitembea, iache kwenye moja. Ukimwona mnyama ng'ambo ya shamba, na una muda, peleka kwenye nne, na mwisho wa safari ni hapo. Nukta nyekundu ya kinyozi nayo si mbaya kwa karibu, wala hajakudanganya, ila fundi anasema mtu anayejijua husahau mambo asitegemee betri. Huyo muuza duka mwambie asante.

Ifungwe chini, karibu na chuma, mpaka shavu lako lilale kwenye kitako bila kunyoosha shingo. Kati ya jicho na kioo paache upana wa vidole vinne, maana bunduki nyepesi ina teke kali na nyusi umebakiwa na moja. Kisha fanya mazoezi nyumbani kila siku: komeo wazi, risasi ziko kwenye kabati la chumba kingine, mke wako ahakikishe, na nyuma ya ukuta unaoulenga kusiwe na mtu. Chagua alama ukutani, fumba macho, weka bunduki begani, fumbua. Kama alama iko mbele yako bila kuitafuta, darubini imekaa. Kama unaitafuta, mrudishie fundi aliyeifunga aisogeze. Na hilo jicho la kushoto liache wazi, litakuuma kwa wiki moja kisha litazoea.

Hayo yote hayatakurudishia heshima, kwa sababu hukuipotezea kwenye nguruwe. Mke wako alikwambia wazi ukadhani anakuzungusha.

Hebu fikiria mzee alivyofanya. Alitoka pale akiwa na kila haki ya kukunyang'anya bunduki mbele ya watu, na kukutangaza kwa kinyozi, ambako kila mtu angejua kabla ya jioni. Hakufanya hivyo. Inaelekea hata kinyozi hajui kwa nini unalinda chakula. Alikwenda nyumbani, akachukua kifaa alichokitumia maisha yake yote, kilekile alichokutazama nacho, akakaa mahali na msumari akatoboa mkanda kwa kukisia shingo yako. Alikuwa anakwambia: ukitaka kumtazama mtu, mtazame kwa hii. Kwa mtu wa maneno machache hiyo ni hotuba. Wewe ukamjibu unayo kubwa zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, nenda kwake. Nenda mwenyewe, usimtume mke wako, amechoka kubeba vitu. Bunduki iache nyumbani, imefungiwa. Usianze na nguruwe, usianze na lenzi, na ukijisikia unataka kueleza jinsi kioo kinavyofanya kazi, kunywa maji. Sema, "Baba, nilikuelekezea bunduki. Nisamehe." Kisha nyamaza, na usimchunguze uso wake. Hiyo siku ya kulinda chakula uilinde kwa moyo mweupe, usipotee hata mkate mmoja, na kama atakupanga huko mara ya pili, ulinde tena.

Halafu mwombe ile darubini ya shingoni. Asipoinuka upesi, wewe kaa. Akiinuka kwenda kuileta, usinyooshe mkono kuipokea. Shingo yako alishaikisia, wewe inamisha kichwa tu, umwache akuvishe.

Mshauri