Aliyeunganisha Umeme Kambini ni Mimi

Kaka yangu Yona,

Shikamoo. Barua hii ningeweza kukutumia kwenye simu, ukaisoma peke yako na kuifuta. Lakini uongo wangu niliusema mbele za watu, na watu wakaubeba kutoka Burnsville hadi Maplewood. Ndiyo maana nimeiacha wazi, asome anayetaka.

Nakumbuka chumba chetu cha mtaa wa Phillips, miezi ile ya mwanzo. Ulikuwa umefanya kazi ya umeme Iringa miaka kumi na nane, ila hapa Minnesota cheti chako kilikuwa karatasi tu. Mchana ulipanga maboksi ghalani, jioni ulikaa mezani na kile kitabu kinene cha sheria za umeme, kamusi pembeni. Kila neno gumu uliliandika kwenye kikaratasi ukakibandika ukutani juu ya jiko, mpaka nikawa nakaanga mayai huku nasoma habari za waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Nilikucheka. Nikasema, "Kaka, wenzako wote wanasoma unesi, wewe unahangaika na nyaya." Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Unesi utausoma wewe. Mimi ninachokijua nakijua."

Nikausoma kweli. Nikapata kazi hospitalini, nikamwoa Neema, tukampata Tumaini; wewe bado ulikuwa ghalani, leseni hujaipata. Mwaka alipotimiza miaka saba nikanunua kwa mfanyakazi mwenzangu ile kempa ya kukunjua, trela ndogo ya kulala kwenye kambi za mapumziko, ambayo paa lake huinuliwa kwa mkono na kuta zake ni turubai. Ulikuja kuikagua kwenye maegesho ya nyumba yetu Burnsville. Ulilala chali chini yake na shati lako la kanisani.

"Mkifika kambini," ukaniambia, "kwanza zima breka, ile swichi kuu, kwenye nguzo yao ya umeme. Pima soketi. Ndipo uchomeke, ndipo uwashe. Tumia waya wake wenyewe, ule mnene wa meno matatu. Na umeme ukikata, usiulazimishe. Unakuambia kitu."

Nikaitikia, "Sawa kaka," kama mtu anavyomwitikia mkubwa wake huku akili iko kwingine.

Jumamosi ile tulitangulia kambini sisi watatu, wewe ukabaki kumalizia zamu ghalani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na nyasi zilikuwa chepechepe. Niliegesha vibaya. Nilipomaliza kuikunjua kempa nikagundua waya wake haufiki kwenye nguzo, umepungua hatua tatu tu. Kuikunja tena na kuisogeza ilikuwa kazi ya nusu saa, na Neema alishaanza kupanga vyombo. Nikatoa kwenye buti ile ekstensheni ya rangi ya chungwa tuliyokuwa tunawashia taa za Krismasi. Jino lake la ethi lilikuwa limevunjika siku nyingi. Nililiona.

Nikachomeka kwenye soketi ndogo ya nguzo. Umeme ukakata. Nikaurudisha, ukakata. Mara ya tatu pia. Kaka, sitasema nilikuwa nimesahau maneno yako. Niliyakumbuka neno kwa neno. Lakini nilikuwa na adapta, na soketi kubwa ilikuwa pembeni yake, nikahamishia huko. Huko haukukata, maana soketi ile haikuwa na kinga ya kuukata. Friji ikaanza kunguruma, taa zikawaka, Neema akapiga makofi. Nikajiona mwanaume.

Ulifika saa kumi jioni. Neema alikuwa ndiyo kwanza amekupa chai. Tumaini akatoka majanini pekupeku, akagusa mlango wa kempa, akaurudisha mkono haraka huku anacheka. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba mlango unamng'ata.

"Ni unyevu tu," nikasema.

Wewe uliweka kikombe chini. Mtoto alikuwa ameshanyoosha mkono tena, safari hii kwa mchezo. Hukuwa na muda wa kwenda kwenye nguzo. Ulimsukuma akaangukia nyasi, nawe ukateleza, mkono wako wa kushoto ukashika fremu ya mlango, na haukuachia. Sauti uliyoitoa sijaisikia kwa mgonjwa yeyote tangu siku ile. Nilikimbia kuzima breka. Ukaanguka kutoka kwenye kingazi cha mlangoni ukaulalia mkono uleule.

Haya ndiyo ambayo hukuyaona, au nilidhani hukuyaona. Kabla sijaja kukushika, nilichomoa ile ekstensheni, nikaikunja, nikaitupa kwenye buti la gari. Mimi, muuguzi, ndugu yangu yuko chini, nilianza na waya.

Mhudumu wa kambi akaja mbio, akauliza nani aliyeunganisha umeme. Nikamjibu, "Kaka yangu. Ni fundi umeme."

Kiingereza chako kilishakuwa kizuri wakati huo; ulielewa nilichosema. Ulikuwa umelala, kichwa chako mapajani kwa Neema, ukanitazama. Kwenye gari, tukienda hospitali, uliniuliza jambo moja. "Mtoto hajambo?" Nikasema hajambo. Ukasema, "Basi."

Kifundo cha mkono kilivunjika, kiganja kiliungua. Neema, aliyeniona nikichomeka, nilimwambia kosa lilikuwa kwenye nyaya ulizozifunga wewe ulipoikagua kempa; akakuchukia, na hakuficha. Aliwaambia wenzake kwamba nusura shemeji yake amuulie mwana. Kwenye sherehe ya Watanzania pale Burnsville mtu akakuambia, "Fundi, tafadhali usiguse taa zetu." Ukumbi ukacheka. Na mimi nilicheka. Yule mkandarasi wa kanisani kwetu aliyeahidi kukuchukua ufanye kazi chini yake hadi upate leseni akaacha kupokea simu zako. Kwa mkono uliofungwa plasta, ghalani nako hawakukuhitaji. Theluji haijaanguka, ukarudi Iringa. Uwanja wa ndege nilikubebea mabegi. Kutoka maegesho hadi kwenye foleni nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikazungumzia baridi.

Miaka mitano imepita. Mwezi uliopita nilikuwa naendesha gari na Tumaini kutoka shule, ananisimulia somo lao la umeme. Katikati ya maelezo akauliza, "Baba, kwa nini ulificha ule waya wa chungwa?"

Nilitoka barabarani nikasimama kwenye kituo cha mafuta. Nikamuuliza kama aliona. Akasema alikuwa amekaa pale pale kwenye nyasi ulipomsukuma. Alidhani ni siri ya nyumbani, na siri ya nyumbani haisemwi. Kisha akaniuliza kama Baba Mkubwa anamkasirikia kwa kukaa kimya.

Uongo wangu, kaka, nilikuwa nimembebesha mtoto wa miaka saba.

Nilimwambia Neema jioni ileile. Hakupiga kelele. Siku nne alizungumza nami habari za chakula na gari tu. Siku ya tano akasema, "Nilimtukana mgonjwa aliyemwokoa mwanangu," akalia. Jumapili, baada ya ibada, nikaomba kipaza sauti nikayasema yote. Mkandarasi yule alinifuata nje. Akaniambia, "Nilimtaka sana yule mtu. Niliogopa tu kumkabidhi nyumba za watu." Nafasi yako ilishachukuliwa zamani.

Wapo wanaonishika mkono wakisema nimefanya jambo la kiume. Sifa hizo zinaniuma kuliko kicheko cha ule ukumbi, kwa sababu wewe ulijua tangu siku ya kwanza. Ulinyamaza ili Tumaini asimjue baba yake alivyo kweli, nami nikauita ukimya wako msamaha, nikaishi humo miaka mitano kwa raha.

Sikuombi uniambie yamekwisha. Jina lako nitaendelea kulisafisha mlango kwa mlango, hata kama hilo halitakurudishia ile nafasi ya kupata leseni. Neema atakupigia Jumapili. Tafadhali pokea simu yake, hata kama ya kwangu huitaki.

Tumaini naye anakuandikia barua yake, kwa Kiswahili, maneno mengine anayaokoteza kwa mama yake. Nilijitolea kumsaidia. Akaifunika kwa mkono wake, akaniambia hii si ya kwangu kusoma.

Mdogo wako,
Elia