Gari la Kumpeleka Mzee Lawrence Nyumbani

CHAMA CHA KUZIKANA CHA JIRANI MWEMA, LANGAS, ELDORET

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha kamati, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, katika chumba cha nyuma cha duka la Bw. Gichuru

Jumapili tarehe 16 Februari 2025, alasiri, chama hiki kilipoteza gari lake la pekee, Probox nyeupe, lilipogongwa na lori la mahindi likiwa limeegeshwa kando ya barabara pale Cheptiret. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo kamati imekaa mara tatu kujadili gari lingine. Hiki ni kikao cha nne. Gari hakuna.

Waliohudhuria:
Mzee Johnstone Amugune, Mwenyekiti
Bi. Nakhumicha Barasa, Katibu
Bw. Gichuru Mwaniki, Mweka Hazina
Bw. Elphas, mjumbe na fundi wa majeneza
Bi. Kavetsa, mjumbe, ambaye amefiwa
Bw. Byron, dereva (hana kura)

Waliokosa kwa ruhusa: Bi. Waiyego, ambaye yuko Ainabkoi kununua viazi.
Waliokosa bila ruhusa: Bw. Kipngetich. Alituma ujumbe kwamba ana mkutano mwingine. Wajumbe wawili walimwona njiani wakija, akinyolewa.

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kiliitishwa saa nne asubuhi. Kilianza saa tano kasorobo, Mwenyekiti alipofika. Alieleza kwamba alikuwa amepitia mahali. Katibu aliuliza ni mahali gani. Mwenyekiti alisema hilo si ajenda. Byron alisema alimwona kwa yadi ya magari, amesimama tu, anaangalia. Mwenyekiti aliagiza hayo yasiandikwe.

Bi. Kavetsa aliombwa afungue kwa maombi. Aliomba kwa ufupi sana.

KUMB. NA. 2/3/2025: MSIBA ULIOPO

Katibu alikumbusha kamati, kwa sababu ilionekana kuna waliosahau, kwamba Mzee Lawrence, babake Bi. Kavetsa, alifariki Jumatano iliyopita. Mwili uko mochari hapa Eldoret. Mazishi ni Jumamosi tarehe 15, nyumbani Vihiga, na lazima mwili uondoke Ijumaa asubuhi ili mzee alale usiku mmoja kwa boma lake kabla ya kuzikwa. Hilo halina mjadala kwa watu wa kwao.

Kifungu cha saba cha katiba yetu kinasema mwanachama atapelekwa nyumbani na chama chenyewe. Mzee Lawrence alichanga tangu chama kianze na hakuwahi kukumbushwa. Wenzake wote waliotangulia, aliwasindikiza yeye, akiketi nyuma na kuanzisha nyimbo. Sasa ni zamu yake.

KUMB. NA. 3/3/2025: MAGARI MAWILI

Mweka Hazina alieleza kwamba baada ya bima ya lori kulipa, chama kina shilingi 1,140,000. Kwa yadi ya Bw. Kim kuna magari mawili ambayo kamati imeyazunguka mpaka askari wa getini anatujua kwa majina. La kwanza ni Probox ya kijivu, shilingi 870,000. La pili ni Prado nyeusi, shilingi 1,790,000.

Katibu aliomba kamati isikilize hesabu mara hii ya nne. Probox inabakisha shilingi 270,000 ya bima, matairi na misiba ijayo. Prado inahitaji mkopo wa shilingi 650,000, na hiyo ni kabla haijawekwa hata tone la petroli. Kwenda Vihiga na kurudi, Probox itakunywa kama lita kumi na tano. Prado itakunywa thelathini na moja. Mwaka jana tulizika mara tisa.

Mwenyekiti alisema Katibu anapima petroli kama mtu anapima mafuta ya chapati. Katibu alijibu kwamba yeye alianza na misumari kwa karai, kando ya barabara, akiuza kwa robo kilo, na ni kwa kupima hivyo ndiyo leo ana duka la vifaa vya ujenzi ambako Mwenyekiti hukopa mabati. Mwenyekiti alisema mabati si ajenda.

Bw. Elphas aliunga mkono Prado. Alisema Prado ikiingia boma la watu, watu husimama. Katibu aliomba ionyeshwe kwamba kwa mazishi watu huwa wamesimama tayari.

KUMB. NA. 4/3/2025: YALIYOTOKEA KWA YADI JUMAMOSI

Kamati ilipokea ripoti ya jaribio la Jumamosi tarehe 8 Machi. Mwenyekiti alikuwa amependekeza kwamba kabla ya kuamua, jeneza la Mzee Lawrence lipelekwe yadi likajaribiwe ndani ya Prado. Katibu alipinga na kusema futi ya kupimia inatosha na inaingia mfukoni. Alishindwa kwa kura.

Bw. Elphas na Byron walilibeba jeneza tupu kwa mkokoteni kutoka karakana mpaka yadi, Mwenyekiti akitangulia na suti nyeusi. Hakuna aliyekuwa amefikiria barabara. Watu walivua kofia. Wa bodaboda walizima pikipiki. Mama mmoja ambaye hakuna anayemjua alianzisha wimbo na akajiunga nyuma, wengine wakamfuata, na kufika getini msafara ulikuwa wa watu kama arobaini, wawili wakilia. Byron alisema hata yeye alianza kuhisi uchungu.

Watu hao walipoona jeneza likiingizwa kwa gari, likitolewa, likigeuzwa na kuingizwa tena miguu mbele, na kwamba ndani hamna mtu, walikasirika. Mama wa wimbo aliuliza Mwenyekiti kama anacheza na Mungu. Wateja wawili waliokuwa wakiangalia gari lingine waliondoka. Bw. Kim alikuja mbio na kusema Prado yake sasa imeonekana na nusu ya Eldoret ikiwa na jeneza, ataiuzia nani? Ili kumtuliza, Mwenyekiti alimshika mkono mbele ya watu na kusema, "Hii ni yetu." Hakuwa ametumwa na kamati kusema hivyo. Hakuwa ametumwa kushika mkono wa mtu yeyote.

Kuhusu jaribio lenyewe: jeneza lilibaki nje shubiri nzima na mlango wa nyuma haukufunga. Bw. Elphas alisema hilo ni jambo dogo, anaweza kulipunguza jeneza upande wa miguu na hakuna atakayejua.

Bi. Kavetsa alisema, "Baba alikuwa mrefu, Elphas. Wewe ulimpima mwenyewe. Asifupishwe na gari."

Bw. Elphas aliomba radhi. Iliandikwa.

Kisha, kwa kutaka kutoka hapo, Bw. Elphas alisema yeye si peke yake aliyependa Prado, kwa maana Katibu mwenyewe alionekana ameketi kwa usukani siku hiyo, mlango umefungwa. Katibu alieleza kwamba alikuwa anakagua kiti. Byron alisema ukaguzi ulichukua muda, na Mama Katibu alirekebisha kioo, na akamuuliza yeye Byron kwenda kutembea Kaptagat kutoka hapo ni dakika ngapi.

Katibu alikubali kwamba alirekebisha kioo. Alisema hajawahi kudai gari hilo ni baya. Ni gari zuri, kiti kinakupokea kama mgeni, na ukiwa juu pale lori halikutishi. Kama angekuwa ananunua na roho yake angelichukua siku hiyohiyo. Lakini kamati haikuchaguliwa ije itamani. Ilichaguliwa ipeleke watu nyumbani.

KUMB. NA. 5/3/2025: SABABU YA MWENYEKITI

Mwenyekiti alisimama. Alisema watu wanadhani anataka Prado aende nayo kanisani. Alisema tumwangalie vizuri.

Alikumbusha kamati kwamba mkewe, marehemu Mama Seline, alipelekwa nyumbani kwa Probox ya chama, amefungwa paani juu ya keria kama kitanda cha mtu anayehama. Mvua iliwakuta Kapsabet na kamba zikalegea. "Nilitoa mkono kwa dirisha nikashika kamba mpaka Chavakali," alisema. "Nilikuwa naongea naye. Nilimwambia avumilie." Alisema aliapa siku hiyo kwamba akiwa Mwenyekiti hakuna mtu wa chama hiki atanyeshewa tena juu ya gari.

Bw. Gichuru alienda mbele ya duka na kurudi na chai.

Katibu alisema hilo lingesemwa kikao cha kwanza, tungekuwa tumemaliza zamani. Alieleza kwamba Jumamosi, wakati wenzake wanazungusha jeneza, yeye aliipima Probox ya kijivu. Kiti cha mbele cha kushoto kinashikwa na boliti nne. Ukikitoa na kulaza viti vya nyuma, upande huo wote unakuwa wazi kutoka dashibodi mpaka mlango wa nyuma. Jeneza la Mzee Lawrence, kwa urefu wake kamili, linaingia ndani na mlango unafunga, na nafasi inabaki ya shada la maua. Hakuna keria. Hakuna kamba. Hakuna mvua.

Mwenyekiti aliuliza mbona hakusema siku hiyo. Katibu alijibu kwamba alisema, mara mbili, akaambiwa na Mwenyekiti angoje jeneza litoke kwanza. Byron alithibitisha. Alisema boliti nne ni kazi ya robo saa, spana anayo.

Mwenyekiti alinywa chai. Alisema ameelewa, lakini hata hivyo. Mzee kama Lawrence, mtu wa heshima vile, afike kwake ndani ya gari la kusambaza mkate? Watu wa Vihiga watasema nini juu ya chama cha Eldoret?

Bi. Kavetsa alisema, "Mzee, mimi sitaki watu wasimame. Nataka Baba afike."

KUMB. NA. 6/3/2025: UAMUZI NA PALE ULIPOKWAMA

Kura zilipigwa. Probox ilipata nne, pamoja na ya Bw. Elphas, aliyesema amebadilisha nia na asiulizwe zaidi. Prado haikupata kura. Mwenyekiti hakuinua mkono upande wowote.

Mwenyekiti alisema kura ni kura, lakini neno lake kwa Bw. Kim nalo ni neno, na mtu mzima hawezi kushika mkono wa mwenzake halafu auachilie. Hapo Bw. Gichuru alimpigia simu Bw. Kim mbele ya kamati, sauti ikiwa wazi. Bw. Kim alisema chama kikichukua Probox kabla ya Alhamisi jioni, ile habari ya mkono ameisahau. Aliongeza kwamba ombi lake ni moja tu, tusimletee jeneza tena.

Kwa hiyo sababu ya neno iliondoka.

Fomu ya benki ililetwa. Bw. Gichuru alitia sahihi. Katibu alitia sahihi. Mwenyekiti aliishika fomu, akaisoma pande zote mbili ingawa upande wa pili hauna maandishi, akairudisha mezani na kalamu ikabaki mfukoni. Alisema anahitaji kulala juu yake, afikirie kwanza. Katibu alimkumbusha kwamba bila sahihi ya tatu hela haitoki, iwe ya Probox au hata ya kukodi gari la mtu mwingine, na kwamba mtu aliyelala hasa sasa ni Mzee Lawrence, mochari, na hapo pia kila siku inalipiwa.

Mwenyekiti alisema Katibu ana ulimi. Alitoka saa saba na dakika kumi bila kufunga kikao. Aliacha kofia yake juu ya gunia la unga.

KUMB. NA. 7/3/2025: KUFUNGA

Kwa kuwa Mwenyekiti hakuwepo tena, wajumbe waliobaki walikubaliana kwamba kikao kimekwisha, saa saba na robo. Bi. Kavetsa alishukuru kamati. Haikuwa wazi ni kwa nini.

Byron aliagizwa awe na spana tayari.

Katibu: N. Barasa (sahihi), 11 Machi 2025

Mwenyekiti: ..............................

Nakala hii inapelekwa kwa Mwenyekiti nyumbani kwake leo jioni, kwa mkono wa Byron, pamoja na kofia.

Mzee Johnstone, kwa heshima yote: fomu iko kwa duka la Gichuru, chini ya mizani, na imebaki mstari mmoja. Mama Seline alinyeshewa na sisi sote tulikuwepo, na hilo halitarudiwa, kwa sababu jeneza litakuwa ndani. Mwili lazima uondoke Ijumaa asubuhi. Usinitumie maelezo, na usimtume Kipngetich. Utatia sahihi, ndiyo au hapana? Nataka neno moja kutoka kwako, kabla ya saa sita mchana, Alhamisi tarehe 13 Machi.