Fundi Aliyeishiwa na Nafasi Ukutani

Mama mshauri, naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, na tafadhali usitaje mtaa wetu, maana huku gazeti moja husomwa na watu kumi kabla halijafungiwa sabuni.

Mimi ni mchora herufi. Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika kwa brashi juu ya milango ya maduka, kwenye maghala na kuta za shule, na watu waliniita Fundi Mstari kwa sababu nilikuwa napiga uzi wa chaki mara moja tu, naanza kazi, na mstari unanyooka mpaka mwenye duka anatoka nje kuuangalia. Kwa brashi hiyo nilioa, kwa brashi hiyo nikasomesha wadogo zangu, na nyumbani nikikohoa tu watu walinyamaza. Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango, mtu anaingia asubuhi, mchana anatoka na bango lenye picha yake mwenyewe akicheka, na kazi zangu zikapungua, zikapungua, mpaka kazi ya mwisho niliyolipwa ikawa ule ukuta wa nyuma ya soko, “Ni marufuku kukojoa hapa”, na hata hiyo naambiwa wahusika hawaisomi.

Mke wangu ni mshonaji. Alianza na cherehani moja chumbani kwetu, sasa amepanga chumba barabarani na ana wasichana watatu wanaomsaidia, na wateja wanamwita Mama Vifungo kwa sababu kila nguo inayotoka kwake ina vifungo viwili vya akiba vimeshonwa kwa ndani. Yeye ndiye anayetulisha, mama mshauri, na hilo nalisema kwako kwa mara ya kwanza, maana kwa watu huwa nasema “tunasaidiana”. Wakija wageni huniita jikoni ananitia hela ya soda mkononi, ili mimi niitoe mfukoni mbele yao. Sijawahi kumwomba afanye hivyo na sijawahi kumshukuru.

Sasa mimi kwenye nyumba yetu ya ibada ni kiongozi wa kundi la wanaume, kila wiki nafundisha kwamba mwanamume ndiye kichwa, na nyumbani kila jioni naongoza sala kabla ya kula. Nakiri kwamba tangu kazi iishe sala zangu zimekuwa ndefu. Nilikuwa namwombea mke wangu kwa sauti, “Ee Mungu, mpe moyo wa utii, mwondolee kujiinua, mkumbushe ni nani uliyemweka juu ya nyumba hii,” na chakula kinapoa, na yeye amefumba macho, nyuzi za kazini bado zimemng'ang'ania kwenye gauni, na mwisho anasema amina. Lile amina lilikuwa linanituliza, ila halikuwa linakaa muda mrefu, kufika asubuhi nalihitaji tena.

Miezi miwili iliyopita akaniambia, “Baba, ukuta wa duka hauna maandishi. Naomba uniandikie wewe, hao wa mashine siwataki.” Nilifurahi jamani, nilifurahi kama mtoto. Akanunua rangi, akasema niandike tu “Kwa Mama Vifungo”, watu wataelewa. Nikapanda ngazi saa sita mchana, barabara imejaa, nikapiga uzi wangu, na hapo ndipo sijui niseme ni shetani au niseme ni mimi, nikaandika MSTARI FASHENI kwa herufi kubwa zenye kivuli, na chini yake, Mkurugenzi: Fundi Mstari. Mke wangu akatoka, akasoma, akaniuliza, “Na mimi je?” Nikamwambia nafasi imeisha. Akarudi ndani, nikasikia cherehani inaendelea.

Wiki iliyopita mama yangu mzazi akaja kutusalimia. Mama hajui kusoma. Akasimama mbele ya duka, akatazama juu kwa muda mrefu, akasema, “Herufi nzuri, mwanangu. Zinasemaje?” Mke wangu yuko mlangoni, wasichana wamesimamisha kazi, ikabidi nisome. Nikasoma kwa haraka haraka.

Mama akauliza, “Na huyu anayeshona yuko wapi hapo?”

“Nafasi iliisha, mama.”

Akatazama tena juu. “Baba yako naye ilimwishia hivyo hivyo,” akasema. “Shamba nimelilima mimi miaka thelathini, na kila mtu aliliita lake. Jioni akiomba, mimi naitikia amina. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naiamini.”

Jioni hiyo nikaomba kama kawaida, pengine kwa sauti zaidi kuliko kawaida, nikafika mwisho, kimya. Mama hakuitika. Mke wangu hakuitika. Nikarudia maneno ya mwisho nikidhani hawakusikia, na watoto wakamtazama mama yao, nao wakanyamaza. Mke wangu akafumbua macho akasema polepole, hana hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha, “Nimechoka kuitikia amina wakati ninasengenywa kwa Mungu. Mwisho wa mwezi kama ukuta ule uko vile vile, nachukua cherehani zangu na watoto nakwenda kwa dada. Wewe baki na duka, si ni lako?”

Mama mshauri, nifanye nini? Wenzangu wa kundi wananiambia nisimame imara, eti nikifuta leo, kesho nitafua nepi. Mtaa mzima umeiona kazi ile, nikipanda ngazi kuifuta nitaonekana mwanamume gani? Na bila mke wangu sijui hata kesho yangu ikoje. Na kuna lingine ambalo sijamwambia mtu, nikisali peke yangu siku hizi sisikii kitu, ni kama naongea na ukuta. Nakuomba uandike maneno machache juu ya heshima ya mume, maana mke wangu huwa anausoma ukurasa wako.

Ni mimi,
Fundi Mstari

MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Umeniomba nisitaje mtaa wako, kisha ukanipa jina ulilolichora barabarani kwa herufi zenye kivuli. Nilicheka, halafu nikaisoma barua mara ya pili na kicheko kikaniisha. Juu ya heshima ya mume siandiki. Ikiwa mkeo anausoma ukurasa huu, leo asome unachoambiwa wewe.

Kwanza, pole. Kazi uliyoijua kwa mkono wako imeondoka bila kukuaga, na hukuikosea chochote. Nyinyi wanaume mlilelewa mkiambiwa msilie, mlishe. Siku mkishindwa kulisha hamna hata ruhusa ya kulia, basi mnageuka wakali. Barua kama yako zinanifikia kila wiki, na nakwambia kweli, nimechoka nazo, kwa sababu zote zinaanza na kazi kumwisha mwanamume na zinamalizika na mwanamke kuadhibiwa.

Lakini usinichezee, mwanangu. Fundi wa miaka ishirini na miwili hupima ukuta kabla hajaegemeza ngazi. Wewe unaishiwaje na nafasi? Nafasi ilikuwepo, hukumpimia tu. Ulipokuwa bado chini, chaki mkononi, ulishajua kwamba jina lake halimo, ukamtazama usoni ukausingizia ukuta. Na shetani naye mwache, ana kazi zake nyingine.

Unasema ukisali ni kama unaongea na ukuta. Ulitarajia nini? Siku zote hizo ulikuwa unaongea na mkeo, Mungu umemfanya kipaza sauti. Umekalia kiti cha Mungu hapo mezani, unaomba mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kisha unashangaa hakuna anayekujibu. Ukiinuka kwenye kiti hicho utasikia.

Nakuona pia unaogopa, na hofu hiyo ndiyo mzizi wa yote. Ulifundishwa kwamba kichwa cha nyumba ni yule anayeleta unga, na ukawafundisha wenzako. Unga ulipoanza kuletwa na mwingine ukadhani hata Mungu amekufuta. Hajakufuta. Hakukuumba kwa sababu ya brashi, wala uanaume wako hakuuweka kwenye kopo la rangi. Ile heshima ya kunyamaziwa ukikohoa ilikuwa ya mfuko, na mfuko umekwenda nayo. Sasa tazama kilichobaki: mwanamke anayekuita jikoni, anakutia hela mkononi ili usiaibike mbele ya wageni. Katika barua yako nzima sala niliyoiona ni hiyo, na haikuwa ndefu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila cha kwako wewe kiko juu, itabidi upande. Rangi mbichi hufutwa kwa kitambaa, hilo unalijua kuliko mimi, lakini hii umeiacha miezi miwili imekauka, basi ni kukwangua. Panda saa sita mchana, kama siku ile, barabara ikiwa imejaa. Usimtume mtu. Kwangua, paka msingi mweupe, usubiri ukauke, na ukiwa unasubiri usiende kujificha, kaa pale pale kwenye ngazi. Kisha andika maneno matatu uliyoambiwa, kwa mstari wako ule ulionyooka, na usiongeze la kwako hata pembeni. Wenzako wa kundi wakipita wakakucheka, waache wacheke. Wiki hiyo mkikutana, simama uwaambie kwamba nyumbani kwako anayelisha ni mkeo. Utashangaa ni wangapi watakufuata nje baadaye kukunong'oneza kwamba na kwao ni hivyo.

Ukimaliza, mlete mama yako umsomee tena, taratibu safari hii.

Halafu kazi. Hao wa mashine wana mashine, jicho hawana. Nenda ukawaulize kama wanahitaji mtu wa kupanga herufi. Wakisema hapana, pale kwa Mama Vifungo kuna vitambaa vinasubiri kuchorwa chaki na kukatwa, na chaki na mstari unavyo tayari. Omba kwa adabu, kama mtu yeyote anavyoomba kazi kwa mwenye duka. Akikukatalia usinune.

Siwezi kukuahidi kwamba atabaki. Mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu ana makovu ya kila jioni. Ukuta usiukwangue ili asiondoke. Ukwangue kwa sababu ulichokiandika pale ni uongo, na hata akiondoka, uongo huo utakuwa umefutwa.

Jioni hiyo usiongoze sala. Mwombe mkeo aombe yeye. Akisema hataki, kuleni kimya kimya, angalau leo chakula kitakuwa cha moto. Akikubali, fumba macho, mikono juu ya meza, umsikilize mpaka amalize. Na hata kama hatalitaja jina lako popote, itikia amina.