Plagi za Safari Kubwa

Baba Ndung'u,

Ukifika kutoka Kalimoni, githeri iko kwenye sufuria, pasha tu. Kuku hawajalishwa. Pikapu usiitafute, Ndung'u ananirudisha nayo hospitali Thika. ~~Usiwe na wasiwasi.~~ Ungekuwepo asubuhi ungekuwa nao, lakini sasa yamepita. Ngendo amejifungua salama, Mungu asifiwe.

Uchungu ulimshika alfajiri. Ndung'u akazungusha hendeli mpaka shati likalowa. Gari likakohoa, likanyamaza. Tangu mvua ianze nakuambia halipandi mlima na linakunywa petroli kama ng'ombe, badilisha plagi. Wewe kazi yako ni kuzisugua kwa msasa na kuzirudisha, eti zile mpya ni za safari kubwa. Mke wa mwanao analia mlangoni, safari kubwa ni ipi tena?

Nikazitoa ndani ya birika langu la wageni ulikozificha. Ulidhani sijui? Ndung'u akatia zote nne, gari likanguruma, na hatukusimama mpaka Thika.

Nimekuja kuchukua uji na shuka. Plagi za zamani ndizo hizo hapo mezani, uone ncha zilivyolika. Na usizisugue!

Ni mvulana, kwa hivyo jina ni lako. Wewe ulituangusha, lakini huyu Gathogo mpya aliwaka mara moja, bila hendeli.

~~Mama Ndung'u~~
Nyanya