Mafuta Juu ya Ngozi ya Aruna

Rumonge, 4 Juni 1913

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo wako haujambo? Mimi mzima, na nimekuzalia mjukuu wa kiume! Ana siku nne leo, tumemwita Aruna. Nafuata yote uliyonifundisha: madirisha tumefunga mpaka arobaini, na kila asubuhi nampaka mawese mwili mzima. Amekuwa mwekundu hata wifi yangu Biasha anamwita Mzungu. Ni mpole mno, halii. Kunyonya tu ni mpaka nimwamshe.

Mwanao, Zuwena

Usumbura, 7 Juni 1913

Mwanangu Zuwena,

Marahaba. Mgongo ni uzee tu. Lakini upole huo unanitisha. Miaka thelathini nazalisha wanawake. Mfute mafuta yote, mtoe uani, mbonyeze paji la uso kwa kidole. Ngozi ikitokea manjano, tazama macho, kisha nyayo. Umanjano ukifika nyayoni, ubongo nao uko hatarini. Mnyonyeshe kila mara, hata kwa kumkamulia kijikoni. Arobaini iache!

Mama yako

Rumonge, 15 Juni 1913

Mama,

Shikamoo. Upepo ulizuia mtumbwi wa Asmani mleta barua kule Minago, barua nimeipata jana. Nilimfuta. Alikuwa manjano mpaka nyayo, na sisi tulidhani ni rangi ya mawese! Tangu juzi analia kilio chembamba, anajipinda mgongo kinyumenyume. Biasha akasema, "Mutoto iko na dege," akamfukizia majani ya degedege. Sasa nakaa naye juani, namkamulia. Rangi inapungua. Niambie atapona.

Mwanao, Zuwena

Usumbura, 20 Juni 1913

Mwanangu,

Natumaini umepata usingizi kidogo. Siwezi kukuambia kuwa atapona. Nimewaona wawili wa namna hii: rangi iliondoka, madhara ya ubongo yakabaki. Mmoja hakusikia, mwingine hakuweza kukaa. Na mafuta nilikufundisha mimi. Nisamehe.

Mama yako

Rumonge, 11 Februari 1914

Mama,

Shikamoo. Barua zako tatu nimezipata, sikuwa na moyo wa kujibu. Jana Biasha aliangusha sinia la shaba nyuma ya Aruna. Sote tuliruka. Yeye aliendelea kutazama vidole vyangu, anacheka. Shingo bado haijakaza.

Nina hasira na wewe, Mama, sikufichi. Lakini nina mimba nyingine, ya miezi mitatu, na naogopa. Njoo unizalishe wewe.

Mwanao, Zuwena